Kengele ya Shule Ikinyamaza: Kijana wa Sekondari na Masomo ya Nyumbani



Juma hili safu yetu inawahusu vijana wa shule za sekondari. Hawa si watoto tena wa kushikwa mkono, wala si watu wazima wa kuachiwa mambo yao. Tutazungumzia namna ya kuwafanya waendelee kukipenda kitabu pale wanapolazimika kusoma wakiwa nyumbani.

Huenda mzazi akadhani kwamba suala hili lilikwisha pamoja na maradhi ya korona. Halikwisha. Tuhesabu pamoja. Mwezi wa Septemba 2015, mgomo wa walimu ulisimamisha masomo kwa takribani wiki tano. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za nchi yetu zilifungwa kwa ajili ya korona. Watahiniwa wa kidato cha nne walirudi Oktoba 12, lakini wenzao wa vidato vingine hawakurudi darasani hadi Januari 4, 2021. Ni zaidi ya miezi tisa. Mwaka 2024 mvua kubwa na mafuriko yaliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, na mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo walimu wa sekondari wakagoma. Ongeza hapo likizo za kila mwaka, ongeza siku ambazo mwanafunzi hurudishwa kwa sababu ya karo, ongeza na siku za ugonjwa. Utaona kwamba kijana wako ataipitisha sehemu kubwa ya miaka yake minne ya sekondari akiwa chini ya paa lako, mbali na paa la shule.

Kwa hivyo nyumba ni darasa, tupende tusipende. Linalobaki ni kuuliza: je, ni darasa lenye mwalimu na utaratibu, au ni darasa lililoachwa wazi, kila mtu akiingia na kutoka apendavyo?

Kinachopotea ni zaidi ya alama

Mara nyingi tukizungumzia masomo ya nyumbani tunafikiria mtihani wa KCSE na alama zake. Alama ni muhimu, lakini kuna kitu kilicho chini yake ambacho kikikatika hakiungiki kwa urahisi, nacho ni ile hali ya kijana kujihesabu kuwa yeye ni mwanafunzi. Kijana anayejiona ni mwanafunzi, hata akikaa nyumbani mwezi mzima, atarudi shule. Yule ambaye hali hiyo imemtoka, hata ukimnunulia sare mpya, atakwenda kwa miguu na moyo utabaki mtaani.

Mwaka 2021 shule zilipofunguliwa, wapo ambao madawati yao yalibaki matupu. Tuliwaona hapa Pwani yetu, toka Lamu mpaka Vanga. Baadhi ya wavulana walikuwa wameonja pesa za bodaboda, za uvuvi au za mjengo, na hesabu za darasani zikawa hazina ladha tena. Baadhi ya mabinti walikuwa wameposwa, wengine wamebeba mimba, wengine wamegeuzwa yaya wa wadogo zao. Hakuna hata mmoja aliyeamka siku moja akatangaza kwamba ameacha shule. Walitoka kidogo kidogo: leo kitabu hakikufunguliwa, kesho hakikutafutwa, keshokutwa kimewekwa juu ya kabati pamoja na vitu visivyohitajika. Kazi yetu wazazi ni kuizuia ile siku ya kwanza isipate ya pili.

Kwa nini kijana hulegea

Si haki kumwita kijana mvivu kabla ya kutazama alichopoteza. Shuleni kuna kengele inayomwambia wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza. Kuna mwalimu anayeweza kumwuliza swali wakati wowote, kwa hivyo ana sababu ya kuwa macho. Kuna wenzake wanaohangaika na somo lile lile analohangaika nalo yeye. Akija nyumbani, vyote vitatu hutoweka kwa siku moja. Anabaki na kitabu, mkeka na amri ya mzazi: "Nenda kasome!" Hata sisi watu wazima tungepewa kazi isiyo na saa, isiyo na mkaguzi wala mwenza, tungeilalia.

Basi dawa yake i wazi. Turudishe vile vitatu kwa namna ya nyumbani: wakati, msikilizaji, na wenza.

Wakati: ratiba iliyokwisha kuandikwa

Waislamu tumepewa kengele tano kila siku, na hazijapata kugoma. Zaidi ya hayo, sisi wa Pwani tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hivyo nyakati za swala hazibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Ratiba ukiipanga Januari, mwezi wa Agosti bado itafaa.

Baada ya Alfajiri ndio wakati wa somo gumu kuliko yote, liwe hisabati, fizikia au kemia. Nyumba imetulia, jua halijachoma, na akili haijachoka. Kipindi cha shule ya sekondari nchini mwetu ni dakika 40, na kipimo hicho kinafaa nyumbani pia. Asome dakika 40, apumzike dakika 10, kisha aingie kipindi cha pili. Baada ya kifungua kinywa na kazi ndogo za nyumbani, vipindi vingine viwili kabla ya Adhuhuri. Baada ya chakula cha mchana alale kidogo, kwani joto letu halina huruma na kichwa kizito hakishiki kitu. Baada ya Alasiri ni wakati wa chuo kwa wanaokwenda chuoni, au wa mpira na matembezi. Kati ya Magharibi na Isha ni wakati wa Qur'ani kama tulivyozoea. Baada ya Isha, kipindi kimoja chepesi: kusoma riwaya au tamthilia ya fasihi, au kupitia yale ya asubuhi. Kisha alale.

Hivyo ni vipindi vitano tu, jumla yake saa tatu na dakika 20. Mzazi asione ni haba. Saa tatu za kusoma kwa makini zina thamani kuliko siku nzima ya kukaa mbele ya kitabu huku macho yako kwengine. Na jambo la kuzingatia sana: ratiba hii aiandike kijana mwenyewe. Wewe mpe mipaka, yaani idadi ya vipindi na saa ya kulala, lakini achague yeye ni somo gani liende wapi. Kijana wa miaka 16 hutii zaidi alilolipanga kuliko alilopangiwa. Akishaliandika, libandikwe ukumbini ambapo watu wote wa nyumba wanaliona, ili hata mdogo wake ajue kwamba sasa kaka yumo kipindini na hatumwi dukani.

Namna ya kusoma: somo tulilolisahau la chuoni

Vijana wengi husoma kwa kupitisha macho. Hufungua daftari, hupitia kurasa mara tatu, hupaka mistari ya rangi, kisha husema wamemaliza. Akifunga daftari, ukimwuliza amesoma nini, hana la kukwambia.

Sasa tukumbuke chuoni. Mtoto anayehifadhi Qur'ani haambiwi atazame ukurasa mara nyingi kisha aende zake. Hufunga msahafu, akasoma kwa moyo mbele ya mwalimu. Akikwama, hurekebishwa. Kesho haanzi mapya kabla ya kuyarudia ya jana, na mwisho wa juma hudurusu ya juma zima. Hivi ndivyo huffadhi walivyozalishwa katika visiwa na miji yetu kwa karne nyingi.

Wataalamu wa elimu ya akili wamekuja kulithibitisha jambo hilo kwa njia zao. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonesha kwamba sehemu kubwa ya kile mtu anachojifunza husahaulika katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuacha nafasi kati ya marudio hukihifadhi zaidi kuliko kukirundika kwa siku moja. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilivisoma tena, na kundi la pili lilifunga karatasi likaandika liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Lakini baada ya siku mbili, na baada ya juma moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele kwa wazi.

Hapa pana siri ya kijana anayelalamika kwamba alisoma na akafeli. Alijipima baada ya dakika tano, akajiona anajua. Mtihani ukamjia baada ya miezi.

Kwa hivyo mfundishe mwanao asome kemia kama anavyohifadhi juzuu. Asome sehemu fupi, afunge kitabu, aandike au aseme alichokishika, kisha afungue aone alipokosea. Kesho yake aanze kwa dakika tano za jana. Siku ya mwisho wa juma asishike jipya lolote. Ajibu maswali ya juma zima, na kama ana karatasi za mitihani iliyopita, ajipime kwa saa kama alivyo katika chumba cha mtihani.

Msikilizaji: kazi ya mama asiyejua fizikia

Mama wengi huniambia, "Mimi sikusoma mpaka huko. Nitamsaidiaje?" Mama mwenzangu, husaidii kwa kujua jibu. Unasaidia kwa kuwa sikio. Mama anayemshikia mwanawe msahafu akamsikiliza si lazima awe ni aalimu wa tafsiri. Kukaa kwake pale ndiko kunakomfanya mtoto asilegee.

Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mafunzo ya maisha, naye akiwa mgonjwa. Mama wa Kiswahili kumsomesha mwana aliyekwisha kubaleghe, ndani ya nyumba yake, ni ada iliyotangulia shule zote tulizonazo leo.

Tatizo huwa katika namna tunavyouliza. Sikiliza mazungumzo haya ya kila siku:

"Umesoma?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Hapo mlango umefungwa. Swali la ndiyo au la halimfungui kijana, na humzoeza kusema uongo mdogo. Sasa mwulize hivi, huku unakuna nazi au unakunja nguo:

"Mwanangu, leo umeshika somo gani?"

"Biolojia, mama."

"Nieleze basi, nami nifahamu."

"Tunasoma moyo unavyosukuma damu. Lakini mama, wewe hutaelewa."

"Nikikosa kuelewa, itakuwa hujaelewa wewe. Anza taratibu. Damu inaingia wapi?"

Dakika kumi za namna hii zina faida tatu. Kijana analazimika kukumbuka. Anagundua mwenyewe pale anapokwama. Na anajua kwamba kesho ataulizwa tena. Jambo la nne halihesabiki: anaona kwamba elimu yake ina heshima machoni pa mama yake. Baba naye asijitoe. Akirudi kutoka kazini, kabla ya kuuliza chakula, amwulize kijana jambo moja alilojifunza siku hiyo. Swali la baba lina uzito wake, na pengine ndilo linalongojewa kuliko tunavyodhani.

Somo likiingia jikoni na baharini

Kijana huuliza, kwa sauti au moyoni: "Haya yatanifaa nini?" Tusimkemee. Tumjibu kwa vitendo, kwani nyumba zetu zimejaa masomo.

Chukua aljebra. Jina lenyewe limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia hesabu za wasia na mirathi. Basi mpe kijana swali la mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, na mali ya shilingi 240,000 baada ya madeni na gharama zote. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane: shilingi 30,000. Zinabaki 210,000, mwana wa kiume apate mafungu mawili na binti fungu moja: 140,000 na 70,000. Hapo kijana amefanya akisami na uwiano, na amejifunza fardhi ambayo mitaani mwetu husababisha ugomvi wa miaka kwa kutojulikana.

Chukua elimu ya biashara. Mama anauza mahamri. Unga, sukari, nazi, iliki, mafuta na makaa vimemgharimu shilingi 600. Amepata mahamri 80, ameyauza shilingi 10 kila moja. Faida yake ni ngapi, na ni asilimia ngapi ya gharama? Ni shilingi 200, nayo ni theluthi moja, zaidi kidogo ya asilimia 33. Je, bei ya mafuta ikipanda kwa shilingi 100, afanye nini? Mwachie kijana daftari la hesabu kwa mwezi mmoja. Atajifunza zaidi ya vile angejifunza kwa kukariri maana ya neno "mtaji", na wewe utapata karani.

Chukua jiografia na fizikia. Babu yake mvuvi anajua bamvua na maji mafu bila ya kitabu. Kijana amwulize, kisha alinganishe na kitabu chake: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huvuta bahari katika mstari mmoja, maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takribani dakika 50. Ikiwa leo yamejaa saa kumi alasiri, siku tatu baadaye yatajaa karibu na saa kumi na mbili na nusu. Aende ufuoni akathibitishe. Siku hiyo babu atakuwa mwalimu na mjukuu atakuwa mtafiti, na wote wawili watafurahi.

Simu: mtumwa mzuri, bwana mbaya

Wakati wa korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kwa redio ya KBC, kwa televisheni na kwa intaneti. Waliokuwa na redio tu waliambulia chochote. Waliokuwa na simu walipata zaidi, pamoja na mitihani yake. Simu ile ile inayoleta somo la hisabati huleta video fupi zisizo na mwisho, na kijana hana nguvu za kushindana nazo peke yake.

Kumnyang'anya simu kabisa humfanya aitafute kwa rafiki. Kumwachia kabisa ni kumtupa. Njia ya kati ni masharti machache yanayojulikana na wote. Simu hukaa ukumbini, haingii chumba cha kulala. Kabla ya kipindi, kijana hupakua somo au karatasi anayoihitaji, kisha huzima data. Hivyo bando halimalizwi na macho hayatangitangi. Baada ya Isha simu zote hukabidhiwa, za wazazi zikiwemo. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, nalo ndilo linaloyapa nguvu mengine. Kijana hatakubali kuambiwa aache simu na mama ambaye kidole chake hakitoki kwenye kioo.

Binti na kazi za nyumba

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yetu hatupendi kulisikia. Mvulana akirudi nyumbani tunasema amekuja kupumzika. Binti akirudi tunasema, alhamdulillahi, nimepata msaidizi. Anaosha vyombo, anafua, anapika, anabeba mdogo wake, anateka maji, na jioni anaambiwa akasome huku macho yamejaa usingizi.

Binti kujua kazi za nyumba ni malezi mema, na hakuna anayelipinga. Lakini tufanye hesabu. Akipoteza saa tatu za kusoma kila siku, siku sita kwa juma, katika likizo ya wiki tatu amepoteza saa 54. Huyo ni binti anayekwenda kufanya mtihani mmoja na kijana ambaye saa hizo alikuwa nazo. Kisha matokeo yakija tunasema, "Huyu hakujaaliwa masomo." Tumhukumu vipi kwa kazi tuliyomzuia kuifanya?

Kazi zigawanywe. Mvulana ana mikono ya kuoshea vyombo, na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia ahli zake katika kazi za nyumbani, hakuna aliyeona hilo limempunguzia hadhi. Vipindi vya binti viheshimiwe kama vya kaka yake, kwa ratiba ile ile iliyobandikwa ukumbini.

Na wakija wageni na posa katikati ya masomo, tukumbuke kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumwoza mtoto, na mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18. Posa njema haiharibiki kwa kusubiri. Na ikiwa limeshatokea la kutokea na binti amepata mimba, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa nafasi ya kurudi shule baada ya kujifungua. Aibu isitufanye tumfungie mlango ambao serikali imeuacha wazi. Mwenye elimu atamlea vyema na huyo mtoto aliyezaliwa.

Mvulana na barazani

Mvulana naye ana hatari yake. Asubuhi yumo kitandani, mchana yupo barazani, usiku hujui alipo. Hapo barazani ndipo muguka unapoanzia, kwa shilingi chache na kwa utani. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitoa amri za kuupiga marufuku, na suala hilo likafika mahakamani. Lakini hata amri ikiwapo, mlinzi wa kwanza wa kijana ni mtu mzima anayejua saa hii yuko wapi na yuko na nani.

Hapa tunawahitaji wanaume. Ikiwa baba yuko safarini, au yuko Ghuba kutafuta riziki, ami au mjomba achukue nafasi yake. Aje mara moja kwa juma, aketi na kijana, atazame daftari, wale pamoja. Kijana akitaka kufanya kazi ya kupata senti, isikataliwe moja kwa moja. Mahitaji ya nyumba tunayajua. Afanye baada ya Alasiri, mahali panapojulikana, na sehemu ya pesa hiyo iwe ya vitabu vyake. Hivyo kazi itakuwa inaitumikia shule, wala haitachukua pahala pake.

Wenza: elimu haisomwi kwa upweke

Kijana huvutwa na wenzake kuliko anavyovutwa na sisi. Basi tutumie mvuto huo. Vijana watatu au wanne wa kidato kimoja, mabinti kwa mabinti na wavulana kwa wavulana, wakutane mara tatu kwa juma katika ukumbi wa mmoja wao. Kila mmoja abebe somo moja na awafundishe wenziwe. Anayefundisha hufaidi kuliko wote. Mwenye nyumba atoe maji na mahamri. Wazazi wengine wachangie karatasi na wino wa kuchapia maswali.

Kila mtaa una kijana aliyefika chuo kikuu na yuko nyumbani kwa likizo. Aombwe saa mbili kwa juma. Atapata thawabu, na wadogo zake watapata mfano ulio hai. Vyumba vya madrasa asubuhi aghalabu viko wazi. Kamati ya msikiti ikiombwa na akina mama kwa adabu, sidhani itakataa kuwapa watoto kivuli na madawati. Walio karibu na maktaba ya umma waitumie, nako kuna utulivu ambao nyumba nyingi hazina.

Na tusimsahau mwalimu. Simu moja yatosha, kwa wakati wa heshima: darasa limefika wapi, mada zipi ni muhimu, na je, anaweza kuisahihisha kazi moja kijana akimpelekea? Walimu wengi hufurahi kuulizwa. Kwa aliyerudishwa kwa karo, usingoje nyumbani mpaka pesa zote zitimie. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu juu ya kulipa kwa awamu, na ukaulizie basari ya kaunti na ya eneobunge lako. Kila siku ya kungoja kimya ni siku ya kijana kuzoea kutokuwa mwanafunzi.

Neno la mwisho

Kuna siku ratiba itavunjika. Wageni watakuja, stima itakatika, kijana atanuna. Usiichane karatasi wala usimtukane. Matusi huua hamu kuliko mgomo wowote wa walimu. Mwambie, "Leo imetupita, kesho baada ya Alfajiri tuanze." Kisha kesho wewe ndiye uwe wa kwanza kuamka.

Amri ya kwanza ya wahyi aliyoteremshiwa Mtume wetu ilikuwa ni amri ya kusoma, naye hakuwa mbele ya ubao wala darasani. Alikuwa peke yake pangoni. Elimu haijafungwa kamwe kwa kuta. Juma hili anza na mambo matatu tu: ratiba moja ukumbini, swali moja kila jioni, na wenza wawili au watatu. Mengine yatafuata inshaallah.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie subira ya kuwalea. Amin.

Wabillahi tawfiq.